Kasha Tupu la Beldina

Haya yalimpata Nthoki, mama wa Kikamba, jirani yetu wa mtaa wa Huruma, mwaka wa themanini na tatu. Mwenyewe hawezi kukusimulia, na utajua kwa nini.

Alikuwa karani kwenye maktaba ndogo ya mtaa, msimamizi wa chumba cha kaseti na santuri. Santuri alizisimamisha wima zisipindike. Kaseti alizipanga nyuma ya kaunta, kwenye rafu ya mbao, mbali na spika, maana sumaku hufuta sauti. Mbele wasomaji waliwekewa makasha matupu tu. Ukipenda moja, unalileta kaunta, Nthoki anakutilia kaseti yake ndani.

Kisha akaajiriwa Beldina. Msichana wa juzi tu, lakini ile sauti! Alirekodi hadithi moja ya watoto, foleni ikafika mlangoni. Bwana Wamalwa, mkuu wa maktaba, akamwambia Nthoki amfundishe Beldina kazi, kwani chumba kingekuwa cha msichana huyo. Nthoki akaitikia kwa tabasamu. Ndani wivu ulikuwa unamla mzima mzima.

Wenzake walipokwenda kula, alichomoa sumaku kwenye spika mbovu, akaificha nyuma ya kaseti ya Beldina.

"Tuone sasa watakusikia wapi," akanong'ona.

Kesho yake Beldina alifika kazini akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Hospitali hawakuona ugonjwa. Akarudishwa kwao Busia. Nthoki akabaki na chumba chake, roho kwatu.

Mchana mmoja Beldina akaingia. Hakumtazama mtu. Alichukua kasha lake kwenye makasha ya mbele, akalifungua juu ya kaunta. Akangoja.

Nthoki akageukia rafu. Kaseti haikuwapo. Sumaku ilikuwapo. Akaigusa. Ilikuwa ya moto.

"Haipo," akasema.

Ilikuwa sauti ya Beldina.

Nthoki akajishika koo. Beldina akalifunga kasha polepole, kama mtu aliyekwisha kuhudumiwa.

"Asante, dada," akasema kwa sauti ile ile, akatoka.

Nthoki alitaka kumwita arudi. Hakuweza. Hajasema neno tangu siku hiyo.

Kaseti ilionekana asubuhi iliyofuata mahali pake, hadithi nzima imo. Lakini watoto huirudisha mbio. Wanasema hadithi ikiisha, mama mwingine, mwenye lafudhi ya Kikamba, anauliza kwa hofu:

"Nimewekwa rafu gani?"