NILISHONA SATINI YA GARI LA HARUSI YA MCHUMBA WANGU

Honi zilianza kusikika wageni wetu wote wakiwa wameshaketi.

Shangazi Pudentienne aliruka kama msichana. "Wanakuja! Wanakuja!"

Vigelegele vikapasuka uani. Mimi niko chumbani nimevaa mshanana wangu, vazi letu la sherehe. Ilikuwa siku ya gusaba. Siku ambayo Léonce na wazee wake walikuwa waje kwetu Gikondo kuniomba rasmi mbele ya ukoo mzima.

Magari yakafika langoni...

Yakapita!

Ndiyo, umesoma vizuri. YAKAPITA! Nilichungulia dirishani nikamwona Léonce wangu kwenye gari la mbele, suti mpya, uso kaugeuzia upande wa pili. Msafara ukashika barabara ya kwenda Kiyovu, kwenye majumba ya wakubwa.

Baba alibaki kasimama na mrija wa pombe mkononi. Wazee hawakujua watazame wapi. Mama yangu alianza kukusanya viti kimoja kimoja.

Jua halijazama tukapata habari. Léonce alikwenda kumposa Kaliza, binti wa mzee Twagirayezu.

Wapendwa, nilicheka. Nilicheka mpaka shangazi akanimwagia maji. Maana aliyempeleka Léonce kwenye nyumba ile ni mimi mwenyewe, Mukashema!

Sikilizeni. Mzee Twagirayezu alikuwa na gari jekundu la Kiitaliano, viti viwili tu, injini iko katikati, nyuma ya migongo ya watu. Gari zuri mpaka linakera. Lakini lilikuwa na ugonjwa mmoja: joto! Mabomba ya moshi yamebanana na injini mle nyuma, na joto lake halina pa kwenda. Nyaya zinayeyuka, mipira ya petroli inapasuka, dereva anaiva kama kiazi.

Mimi nilikuwa nashona viti vya magari. Mzee alipokuja kushonewa kiti kilichoungua, nikamwambia, "Mzee, karakana ya pembeni iko fundi, anaitwa Léonce. Mpe yeye."

Tuliifanya kazi ile pamoja. Yeye alikata bati la kukinga joto, mimi nikashona makoti ya kitambaa kisichoshika moto, tukayavisha mabomba. Kisha akatoboa matundu marefu kwenye kifuniko cha injini.

"Ona, sha, mpenzi," aliniambia siku hiyo. "Gari ikitembea, upepo inabeba joto. Ikisimama, joto inapanda juu. Haya matundu ndiyo pua yake. Ukiziba pua..."

"Inakufa?"

"Inawaka!"

Tukacheka. Halafu akawa anakwenda Kiyovu kila wiki "kukagua joto." Kumbe joto alilokuwa akikagua lina miguu na hereni!

Basi siku moja karibu na harusi, akaingia kibandani kwangu mama mmoja mnene, kitenge cha bei mbaya. Aliitwa Générose, shangazi wa bibi harusi.

"Ni wewe unashonaka vitu ya ile gari nyekundu?"

"Ni mimi, mama."

"Tunataka satini nyeupe ya kufunika nyuma yote. Yote, umesikia? Na maua juu. Kaliza mwenyewe amesema uje wewe, hakuna mwingine."

Nyuma yote. Yaani kwenye matundu! Mama wa watu alidhani lile ni buti la kuwekea mizigo.

Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha.

Sikusema.

"Itakuwa nzuri sana, mama," nikamjibu, na tabasamu langu lilikuwa tamu kuliko sukari ya Kabuye.

Nikaishona. Satini juu, sponji nene chini, maua yameshonwa kwa upendo wote wa chuki yangu! Sikutaka mtu afe, nisije nikaeleweka vibaya. Nilitaka moshi. Nilitaka wale watu wote wenye suti wamwone fundi mkubwa akikohoa barabarani na gari lake, kama watu wangu walivyoniona mimi. Kwa hiyo kifuniko kile cha satini nilikitia vifungo vya kubana, mtu avute mara moja tu kitoke.

Mtauliza, Léonce si fundi? Si ataona?

Hapo ndipo nilipomtegea. Kwetu mkwe mpya mbele ya wakwe ni mtu wa kuinamisha kichwa. Hapingi, hagusi, hasemi "hapana." Shangazi wa mke wamepamba gari kwa mikono yao, wamelipigia vigelegele, halafu wewe mtoto wa karakana ubandue maua yao? Thubutu!

Siku ya harusi nilikuwepo Kiyovu, nimeinama nabana kifungo cha mwisho. Bwana harusi akafika kumchukua mkewe wampeleke kanisani Gikondo.

Akaliona gari.

Rangi ikamtoka usoni. Akayatazama maua, akanitazama mimi, akayatazama tena maua. Mdomo ukafunguka...

"Mkwe, umependa?" mama Générose akamuuliza.



"Imependeza sana, mama," akasema, kichwa chini.

Kaliza akaketi kiti cha pembeni. Léonce akaingia, akawasha injini. Mimi nikapanda gari dogo la abiria pamoja na mashangazi, nikakaa dirishani. Niliona raha, jamani. Raha yenyewe!

Mwendo ulikuwa wa harusi, polepole, honi juu ya honi. Tukashuka mpaka bondeni. Na pale bondeni palikuwa na bariyeri ya wanajeshi. Enzi zile za vita kule kaskazini, hata bibi harusi alionyesha kitambulisho.

Msafara ukasimama. Gari jekundu linanguruma pale pale, halina upepo.

Nikaona satini ikigeuka rangi. Nyeupe, njano, kahawia...

"Ni nini inanuka?" akauliza shangazi mmoja.

Sponji ilikuwa imeanza kuyeyuka na kudondoka ndani ya matundu, juu ya mabomba ya moto. Moshi ukafumka. Mweusi, mzito, si ule niliouwaza mimi.

Halafu ulimi wa moto!

"Mana yanjye! Mungu wangu!" mashangazi wakapiga kelele.

Mlango wa dereva ukafunguka. Léonce akachomoka, akakimbia, akakimbia mpaka ng'ambo ya bariyeri!

Mlango wa pili haukufunguka.

Sijui nilishukaje. Nilichojua ni kwamba nimeshika satini kwa mikono miwili nikavuta, na haitoki! Mama Générose alikuwa ameogopa upepo, akaifunga kwa riboni chini kwa chini. Nikavuta tena, nailoni ikanigandia viganjani. Nikaiachia, nikakimbilia mlango wa Kaliza, nikaufungua. Gauni lilikuwa limenasa kwenye kiti. Nikalishika, nikalichana kuanzia kiunoni, nikamtoa Kaliza mzima mzima!

Wanaume walishusha mitungi ya pombe ya harusi wakaimwaga yote kwenye moto, na wanajeshi wakatupia mchanga.

Kaliza alikohoa, akafuta machozi. Akasimama wima na nusu gauni lake, akamwita Léonce kwa sauti ya utulivu iliyonitisha.

"Léonce. Uliona matundu imefunikwa?"

"Chérie, mimi..."

"Uliona?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Mashangazi yako yalikuwa yamepamba... ningesemaje mbele ya wakwe?"

Kaliza akageukia baba yake. "Papa, umemsikia mwenyewe. Anaogopa aibu kuliko anavyonipenda. Ndoa hakuna."

Mzee Twagirayezu akatema mate chini. Léonce akapiga magoti kwenye matope ya pombe, suti mpya na yote. Hakuna aliyemwinua. Mficha maradhi, kifo humuumbua!

Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikamsogelea Kaliza, nikitegemea kupewa shukrani.

"Wewe ndiye Mukashema," akasema.

"Unanijua?"

"Habari ya siku ya kwenu niliisikia wakati kadi za harusi zimeshatoka. Papa akakataa kuvunja, akasema ni maneno ya wivu. Nikajua lazima Léonce ajionyeshe mwenyewe. Kila siku alinihubiria juu ya hayo matundu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia shangazi afunike yote. Nilitaka nione kama atafungua mdomo."

"Ukakaa ndani ukijua?"

"Nilidhani itakuwa moshi kidogo."

Kisha akavishika viganja vyangu vilivyoungua, akavitazama.

"Asante kwa kunitoa. Lakini na wewe ulijua. Shangazi nilimtuma kwako makusudi, mtu pekee aliyeishona ile gari. Nilisema, huyu mwanamke akinionya, nitamwambia Papa huyu ndiye mwenye haki. Nilikungoja, dada. Hukuja."

Yeye hakuwa amenikosea hata nukta. Siku magari yanapita langoni kwetu, hata jina langu hakulijua.

Wapendwa, sitawadanganya. Kumwona Léonce kwenye matope kulinipa furaha, na niliila yote bila kumbakizia mtu. Léonce alistahili.

Lakini kabla hujamwashia mtu moto, angalia kwanza ni nani aliyeketi kiti cha pembeni.