Bakuli la Baba

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi na moja jioni, nyumba ile ilikuwa na harufu mbili. Chumba cha mbele kilinuka gundi, kwa sababu Baba alikuwa fundi wa makochi na humo ndimo alimoyavua vitambaa vikuukuu na kuyavika vipya. Jikoni kulinuka tangawizi, kwa sababu huko alikuwako Kipimo. Harufu hizo zilikutana ukumbini, zikavutana mashati, na mara nyingi tangawizi ndiyo iliyoshinda.

Kipimo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama mzazi wa Baba, kwa sababu hakuwahi kutia kitu ndani ya kitu kingine bila kukipima. Sukari ya chai aliisawazisha juu ya kijiko kwa ubapa wa kisu. Majirani walisema kwamba siku moja aliikinga mvua kwa kikombe, akaitazama, akailaumu kwa kupunja. Sijui kama ni kweli, ila waliosema hivyo hawakucheka.

Kazi ya kupika chakula cha jioni ilimjia ghafla. Mwezi mmoja nyuma, Baba alishikwa na kizunguzungu akiwa kazini. Bahati yake aliangukia kochi, tena lile ambalo alikuwa amemaliza kulitia sponji. Kwenye zahanati, nesi alimpima akakunja uso. Presha ilikuwa juu. Alimpa vidonge, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, aongeze mboga.

Mama alifanya kazi kwa dobi mkubwa, akipiga pasi mashuka ya hoteli, na hakurudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Bibi alikuwa na magoti mabovu na mkono mzito. Akitia chumvi, hata paka alikimbilia maji. Basi Kipimo akasema, "Nitapika mimi."

Aliyemfundisha ni jirani yao, Mama Sufuria, aliyewahi kuwa mpishi katika kambi ya mafundi wa barabara waliotoka Asia.

"Wale mabwana, mwanangu, hawakupakuliwa kama wafungwa," alisema Mama Sufuria huku akikata karoti nyembamba kama njiti za kiberiti. "Mezani unaweka tambi za mchele, supu nyepesi ya moto, na visahani vya hiki na kile. Kila mtu na bakuli lake. Anayetaka yai, haya. Asiyetaka pilipili, asiiguse. Na sikiliza hapa: sufuria haijui nani mgonjwa na nani mzima. Kwa hiyo usiitie chumvi hata punje. Sosi ya soya ikae mezani, kila mtu ajitilie."

Kipimo aliipenda habari hiyo mpaka usingizini. Aliotesha choroko ndani ya chupa ya mdomo mpana, akizisuuza asubuhi na jioni hadi zikachipua mikia myeupe. Jioni alichemsha mifupa ya kuku kwa tangawizi na kitunguu saumu, akaloweka tambi, akachambua nyama nyembamba nyembamba, akapanga visahani mezani: kabichi, karoti, matango, chipukizi za choroko, mayai, majani ya giligilani, ndimu, pilipili. Kichupa cha sosi ya soya alikiweka upande wa Mama na Bibi. Upande wa Baba aliweka ndimu mbili.

Na Baba alikula! Siku ya kwanza alionja kijiko kimoja, akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Siku ya tatu alimaliza bakuli. Wiki ya pili alikuwa akiomba la pili.

"Leo umejipita mwenyewe," alisema, akijifuta midomo.

"Si chapwa, Baba?"

"Chapwa? Nani kasema? Mimi hata siikumbuki hiyo chumvi inafananaje."

Bibi alikohoa. Kipimo hakukijali kikohozi hicho. Alilala akiwa na furaha, na darasani aliwaambia wenzake kwamba baba yake anapona kwa mkono wake.

Ijumaa, baada ya shule, alimsindikiza Baba kwenye zahanati. Alitaka kuwapo namba zitakaposhuka. Benchi lilikuwa limejaa watu, na mlango wa chumba cha nesi ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nesi alimfunga Baba mkanda wa kupimia presha, akaminya, akasikiliza. Akaminya tena.

"Mzee, imepanda kuliko ile ya kwanza. Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Basi ni chakula. Nyumbani anapika nani?"

Baba alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," alisema Kipimo.

Nesi alivua miwani. "Wewe? Unatia chumvi kiasi gani, binti?"

"Sitii kabisa."

"Kabisa?" Nesi alitikisa kichwa, na sauti yake ikafika mpaka mwisho wa benchi. "Mkono wa mtoto hauoni, ndiyo shida. Unadhani hutii, kumbe unamwaga. Mwache mama yako apike. Huyu si mdoli wa kuchezea mapishi, ni baba yako. Nampa wiki mbili. Ikibaki hivi, anakwenda hospitali kuu akalazwe, na kazi ataisahau."

Mwanamke mmoja kwenye benchi alisema, "Masikini, kale katoto kanamuua baba yake." Kipimo alimgeukia Baba. Alingoja aseme neno moja tu. Baba alikuwa anafunga kifungo cha mkono wa shati, na kifungo kile kilimchukua muda mrefu sana.

Usiku ule Kipimo alirudia hesabu zote kichwani. Supu, sifuri. Tambi, sifuri. Kuku, sifuri. Alianza kuviogopa vidole vyake mwenyewe.

Kesho yake, Jumamosi, Baba alikwenda kununua sponji. Kipimo aliketi kwenye cherehani ya chumba cha mbele kushona mkanda wa mkoba wake wa shule uliokuwa umekatika. Cherehani ililia kama mlango wa ghala. Akachukua kopo dogo la mafuta lenye mdomo mrefu lililokuwa dirishani, akadondosha matone kwenye vitundu vyote, kama alivyofundishwa. Akakanyaga. Cherehani ikalia zaidi, halafu ikanata.

Ndipo pua yake ilipomwambia jambo. Ile haikuwa harufu ya mafuta. Alidondosha tone moja kwenye kidole. Lilikuwa jeusi, jepesi kama chai ya rangi. Akaligusisha ulimi.

Sosi ya soya.

Aliketi pale bila kujongea. Sisimizi wa kwanza alitokea chini ya dirisha, akapanda mguu wa cherehani, akaonja, akarudi mbio kuita ukoo. Haikupita nusu saa, walikuwa wamepanga msululu kutoka mlangoni, na mimi naambiwa wa nyuma walikuja na mabakuli yao. Kipimo hakuwafukuza. Alilichukua kopo akaenda nalo kwa Bibi, aliyekuwa uani akipepeta mchele.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Mafuta ya cherehani, mjukuu wangu."

"Nisamehe, Bibi, lakini naomba uonje."

Bibi aliweka ungo chini taratibu. Hakuonja.

"Nililiosha vizuri," alisema mwishowe. "Lilikuwa jipya. Halijawahi kuguswa na mafuta."

"Ulimtilia lini?"

"Ukienda jikoni kuleta vijiko, na mama yako akiwa ananawa mikono. Nalificha kwenye pindo la nguo yangu, nikimaliza nalirudisha dirishani, ambako hakuna angelishuku. Baba yako siku ile ya kwanza alikuwa anameza huku amefumba macho, nikamwonea huruma. Ni mwanangu. Tone moja, nikasema. Halafu mawili. Halafu akawa ananipa ishara kwa nyusi."

"Kwa nyusi," alisema Kipimo.

"Hakutaka kukuvunja moyo. Ulikuwa umefurahi mno."

Hapo ndipo palipomuuma. Zile "umejipita mwenyewe" zote, jioni zote, zilikuwa zinakwenda kwa kopo. Yeye akiwa jikoni anahesabu vijiko, nyuma ya mgongo wake watu wawili aliowapenda walikuwa wanapeana nyusi. Na pale kwa nesi, Baba alikuwa anajua. Alijua, akafunga kifungo.

Hakulia. Ingekuwa afadhali kama angelia, maana Bibi alikuwa ameshaandaa maneno ya kumbembeleza. Alirudi jikoni akapika kama kawaida. Jioni alipanga tambi, supu, kabichi, karoti, mayai. Halafu katikati ya meza, juu ya kisahani safi, akaliweka lile kopo, mdomo wake umemwelekea Baba.

Mama, aliyekuwa zamu hata Jumamosi, aliingia akiwa bado na alama za mvuke mikononi. Aliketi, akanyoosha mkono kuchukua ndimu, akasita.

"Kopo la mafuta linatafuta nini mezani?"

Bibi aliangalia dari. Baba aliangalia kopo.

"Muulize Baba," alisema Kipimo. "Ni sahani yake. Kila mtu na chake."

Baba alijaribu kucheka, kicheko kikakwama njiani. Alilisogeza bakuli, akamweleza Mama yote, bila kumtupia Bibi lawama hata kidogo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hebu nielewe, mume wangu," alisema. "Uliona haya kumwambia mtoto kwamba supu yake haina ladha. Lakini hukuona haya yeye kuaibishwa mbele ya zahanati nzima?"

"Nilidhani nikisema pale, atajua nimemdanganya mwezi mzima."

"Sasa hajajua?"

Baba aliugeuza mdomo wa kopo ukaelekea ukutani.

"Nimeogopa vidole vyangu," alisema Kipimo, na sasa sauti ilianza kumponyoka. "Jana usiku nilidhani nakuua, Baba. Na wewe ulikuwa chumba cha pili, unajua si mimi. Ungeniambia tu! Bakuli ni lako, ungesema linakosa nini. Ndiyo maana sikukupakulia, nikakuwekea visahani uchague!"

Baba aliinuka, akazunguka meza, akachuchumaa karibu na kiti cha binti yake ili awe chini yake kwa kimo.

"Nimekukosea, mwanangu. Nilikuwa mwoga nikajiita mpole. Naomba radhi."

Kipimo aliitikia kwa kichwa, lakini hakumtazama.

"Basi leo sema ukweli. Supu yangu ikoje?"

Baba alishusha pumzi. "Kama maji yaliyooshea mchele."

Ilimchoma. Lakini lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kwa Baba mwezi mzima, na Kipimo alilishika kama mtu aliyepata fimbo gizani. Akainuka na sufuria yake. Kesho yake alimwita Mama Sufuria, aliyecheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema, "Sasa ndiyo tunaanza kupika. Ukiondoa chumvi, lazima uweke moto."

Wakababua vitunguu na tangawizi juu ya makaa mpaka vikawa vyeusi pembeni, ndipo wakavitia kwenye supu. Wakakaanga ufuta mkavu, wakautwanga. Wakaloweka matango kwenye maji ya ndimu na pilipili. Baba alionja kila kijiko.

"Na hii?"

"Bado."

"Na hii?"

"Inakaribia. Ndimu zaidi."

"Na hii?"

Baba alionja, akaonja tena. "Hii nzuri. Usinitolee macho hivyo, ni kweli!"

Kipimo hakumwamini. Alisubiri bakuli liishe, akalikagua ndani na nje, akamkagua Bibi mapindo yote ya nguo, na Bibi akainua mikono juu kama mtu anayekamatwa na polisi.

Wiki mbili zilipotimia, walirudi zahanati. Benchi lilikuwa limejaa vilevile. Nesi alipouchukua mkanda, Baba aliuzuia mkono wake.

"Kabla hujapima, nina neno, na naomba mlango ubaki wazi." Akapaza sauti ili hata wa mwisho asikie. "Mara ile uliuliza nani anapika. Huyu binti anapika, na hakutia chumvi hata punje. Mimi ndiye niliyekuwa nakula sosi kwa siri, nikanyamaza wakati anabebeshwa kosa langu."

Watu wote kwenye benchi wakamgeukia Kipimo. Safari hii hakuinamisha kichwa.

Nesi alifunga mkanda, akaminya, akasikiliza. Uso wake ulilainika. "Imeshuka. Haijafika pazuri, lakini imeshuka. Hospitali kuu hatutakwenda. Endelea na vidonge, na endelea na mpishi huyuhuyu." Kisha akamgeukia Kipimo. "Na mimi nilikuhukumu kabla sijauliza vizuri. Nisamehe, binti."

Walipotoka nje, Baba alingoja mpaka wavuke barabara.

"Nataka ulikumbuke hili kuliko nilivyolikumbuka mimi," alisema. "Mtu akikufanyia kazi kwa moyo, mwambie ukweli kazi ikiwa bado mkononi, angali anaweza kuirekebisha. Sifa za uongo zilinipandishia presha mimi, na wewe zilikufanya ujitilie shaka. Na ukiona mwingine anabeba kosa lako, sema palepale. Usingoje wiki mbili kama baba yako."

"Nimesikia, Baba."

"Umenisamehe?"

Kipimo alifikiri. Alipima, kama kawaida yake.

"Zaidi ya nusu," alisema. "Supu ya jana ilikuwaje?"

Baba alikuna kidevu. "Tangawizi ilizidi."

Kipimo alinuna mpaka wakafika getini. Kisha akaenda jikoni, akakata kipande cha tangawizi, akakitazama, akakigawanya katikati, na nusu moja akairudisha kapuni.