Majani Mazuri ya Shangazi Gaudensia

Kila Ijumaa akitoka shule, Mectilda alikuwa na kazi moja zaidi ya kuchota maji na kufunga ndama. Aliingia shamba la maharage la bibi yake, Bibi Verediana, hapo Endagikot, akachuma majani kumi na kuyatia kwenye bahasha zenye namba. Kesho yake alizipeleka stendi ya Mbulu, basi likazibeba hadi Arusha kwa shangazi yake.

Shangazi huyo, Dokta Gaudensia, alikuwa mtafiti wa vinasaba, yaani yale maelekezo madogo yaliyomo ndani ya kila kiumbe, yanayofanya maharage yawe maharage na ng'ombe awe ng'ombe. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akihariri vinasaba vya maharage. Alikata mahali padogo sana, akarekebisha, ili ugonjwa wa kutu usipate pa kuingilia. Miche iliyomfia ilikuwa mingi kuliko iliyopona. Sasa alikuwa ametengeneza kipimo cha kutambua aina ya kutu iliyoko kila mahali, ili ajue ipi ya kuizuia, na ndiyo maana alitaka majani ya nyumbani.

Mwezi wa tano akaja mwenyewe, na begi moja, miguu imevimba kwa safari. Mectilda alimpokea begi, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akakaa kwenye kigoda kabla hata ya kukaribishwa. Chai ilipoa mbele yake.

Asubuhi wakaenda shambani wote watatu. Majani yalijaa madoa ya rangi ya udongo mwekundu. Shangazi alipitisha kidole, kikabaki na unga. Bibi akamwuliza kuna nini. Akaeleza, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu hata ya kulalamika, kwamba majani ya wiki nane yamepita kwenye kipimo chake na hakuna hata moja lililoonyesha kutu.

"Kama kipimo hakioni kitu ninachokiona kwa macho," alisema, "basi nimekosea tangu mwanzo. Jumatatu nawaambia wenzangu tuifunge kazi hii. Nimechoka, mama."

Mectilda alijua kosa liko wapi. Kwenye simu shangazi alikuwa amemwambia achume majani yenye madoa. Lakini kwao mgeni hupewa maziwa yaliyo bora, na hata mahindi ya kupeleka kwa ndugu huchaguliwa moja moja. Angewezaje kumpelekea dokta wa Arusha majani mabovu, watu wa maabara wakapacheka kwao? Basi akachuma yale ya kijani kibichi, kwenye miche michache kando ya kisima ambako kutu haikufika, akayafuta vumbi kwa kanga.

Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini shangazi alikuwa ameshafunga daftari lake la kazi.

"Shangazi, kipimo chako ni kizima," alisema, macho chini. "Mimi ndiye niliyekuchagulia mazuri."

Akasema yote, mpaka habari ya kanga. Shangazi hakufoka. Alikaa kwenye tuta kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado mabega yanamuuma. Bibi akacheka kidogo, akasema mtoto amemfanya shangazi yake mgeni, na kwamba hata yeye angeyafuta vumbi.

"Wiki nane, mama," shangazi alisema, naye akajikuta anatabasamu.

Siku ile walichuma majani yenye madoa mpaka migongo ikakataa kunyooka. Mectilda aliandika namba za mistari kwa mkono wake. Baada ya wiki mbili simu ikalia: kipimo kimeiona kutu kwenye bahasha zote. Kazi haifungwi. Mbegu bado, alisema shangazi, labda miaka mingine minne.

Mectilda akaomba tena msamaha.

"Nimeshakusamehe," shangazi alimjibu, sauti yake ikiwa bado na uchovu. "Ila shika neno hili. Mimi natibu kile ninachoonyeshwa. Ukinificha ugonjwa ili nikuone mwema, nitatibu shamba lisilokuwepo, na maharage ya bibi yako yataendelea kufa. Ijumaa nichumie jani lile bovu kuliko yote. Na usilifute."