Faili la Kasuku

"Wewe ndiye baba wa mtoto?" karani wa vyeti vya kuzaliwa aliuliza bila kuinua kichwa.

Fundi makochi alitikisa kichwa. Katikati ya midomo yake mlikuwa na misumari minne midogo. Alitoka karakana mbio asubuhi ile, akaisahau humo mdomoni, kama wewe unavyosahau kalamu sikioni.

"Basi ni mama?"

Foleni nzima ikacheka. Ilikuwa imepinda mara tatu ukumbini, na watu walibanana hata jasho la huyu likafutwa na shati la yule. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma:

"Kaka, toa misumari mdomoni useme. Mtoto hasemewi kwa kichwa."

Fundi akageuka. Gauni la manjano, viatu vya mpira, mafaili yamekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga. Fundi akaitema misumari kiganjani.

"Mimi mjomba wake. Mama yake, dada yangu, alifariki mwaka jana. Baba yake tunamsikia tu. Shule hawamwandikishi bila cheti."

"Mjomba asiye na amri ya mahakama ni mpita njia," karani alisema. "Anayefuata!"

Mtoto mwenyewe, wa miaka saba, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, akamvuta gauni yule mwanamke. "Dada, mpita njia anaweza kunisuka nywele? Maana huyu ananisuka."

Mwanamke akayatazama mabutu yaliyokwenda kombo, akauma mdomo asicheke. Alikuwa afisa ustawi wa jamii. Pale pale ukutani akaandika namba yake nyuma ya fomu iliyoharibika. "Omba uwe mlezi wake wa kisheria. Usipoomba, siku moja mtu atauliza huyu ni wa nani, utakosa jibu, na atapelekwa makao ya watoto."

Hivyo ndivyo faili la Kasuku lilivyofunguliwa. Na pengine la pili lilifunguka siku hiyo hiyo, ila hilo halikuwa na namba.

Afisa alifika mara tatu, kama kazi ilivyomtaka, kwenye karakana ambamo fundi na Kasuku waliishi. Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa kochi lisilo na kitambaa. Mara ya pili alikaa katikati. Mara ya tatu alivua viatu. Jioni simu zikawa hazikauki.

"Bi Mafaili, umekula?"

"Nimekula saini ishirini. Wewe, Misumari?"

"Gundi."

"Ndiyo maana maneno yako yanagandamana."

"Yanagandamana nikiongea na wewe tu."

Kicheko upande wa pili. Fundi alilala akitabasamu kama mwehu. Neno lenyewe lakini hakulitoa. Kila akitaka kulisema, alijikuta ametia misumari mdomoni.

Halafu wiki moja simu ikaita bila kupokelewa. Jumatatu iliyofuata akaja afisa mwingine, mzee mwenye ndevu na futi ya kupimia. Akakipima chumba. Akayanusa makopo ya gundi. Akakitazama kitanda cha Kasuku kilichokaa hatua mbili kutoka hapo.

"Mtoto analala na sumu hii?" akaandika. "Hapana. Hapana kabisa."

Fundi akaona giza. Akapiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Umemleta yule mzee aje kuniangamiza?"

"Siruhusiwi kuzungumza na wewe mpaka kesi iishe."

"Huruhusiwi au hutaki?"

"Misumari, tafadhali. Hamisha gundi." Simu ikakatika.

Akaifuta ile namba. Alivyojua yeye, mwanamke alikuja, akanusa umaskini, akakimbia na kumwachia mwenzake kazi ya kisu. Lakini hasira haijengi ukuta, akajenga yeye. Akatenga makopo yote kwenye kibanda cha nje, akakata dirisha, akaweka mlango wenye komeo. Kitanda cha Kasuku akakitengenezea mgongo wa sponji yenye vifungo, kama kiti cha malkia.

Siku ya kesi ilifika. Mahakama ya watoto haina watazamaji. Kulikuwa na meza, viti vichache, na hakimu, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni. Kwanza alimwita Kasuku.

"Sheria inaniagiza nikusikilize. Unataka kukaa na nani?"

"Na mjomba. Kusuka hajui, lakini nikiota vibaya anaamka kabla sijalia."

Hakimu akavaa miwani ambayo hakuihitaji. Yule mzee wa ndevu akasimama, akasema alirudi kukagua mara ya pili bila kutoa taarifa: gundi imeondoka, hewa inapita, naye hana pingamizi. Hakimu akalifunua faili ukurasa wa mwanzo.

"Kabla ya amri, lazima nisome kwa nini faili lilibadilishwa mikono. Swali kwenye fomu: Je, afisa ana uhusiano wowote na mwombaji unaoweza kumfanya apendelee? Jibu la afisa wa kwanza." Akakohoa. "'Ndiyo. Nampenda. Yeye hajui. Naomba faili apewe mwenzangu mkali kuliko wote, amri ikitoka asiwepo mtu wa kusema mtoto alipewa kwa upendeleo.'"

Fundi akahisi sakafu imelainika kama sponji. Tarehe ya fomu ilikuwa ya siku ile Bi Mafaili alipovua viatu karakana.

"Maombi yamekubaliwa," hakimu alisema. "Mjomba, wewe sasa si mpita njia."

Bi Mafaili alikuwa kwenye benchi la korido, gauni lile lile la manjano, macho mekundu. Hakuthubutu kuuliza. Kasuku akamrukia. "Tumeshinda! Na hakimu amesoma kwamba unampenda mjomba!"

Mwanamke akafunika uso. "Wamesoma kwa sauti?"

"Mbele ya mzee wa ndevu," fundi alisema. "Mimi nikakuita msaliti, kumbe umenitaja serikalini kabla hujanitaja kwangu. Nisamehe."

"Ningekuambia, wangesema nimekufundisha majibu. Ningekukosa wewe, na yeye angekukosa pia."

Kwa mazoea mkono wa fundi ukaingia mfuko wa shati, ukatoka na misumari. Akaitazama. Akamkabidhi Kasuku.

"Nishikie, mama. Leo naongea." Akapiga goti kwenye sakafu ya korido, watu na mafaili yao wakimzunguka. "Bi Mafaili, ile fomu yako ina jibu la mtu mmoja. Mimi nakupenda, na nataka kuwa mume wako. Niandike wapi?"

Mwanamke akamnyooshea mkono kumwinua, akicheka na kulia kwa pamoja. "Kwanza tukachukue cheti cha mtoto. Dirisha linafungwa saa tisa."

"Na jibu langu?"

"Utalipata kwenye foleni. Ile foleni ni ndefu, Misumari, na mimi sina mpango wa kutoka."