Kamba Inayomfaa Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na minne. Alisimama kutwa nzima, shati baada ya shati, na kola zikitoka mikononi mwake hazikuwa na kunyanzi hata moja. Mume wake alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba yao. Jioni walikula pamoja, wao wawili na binti zao mapacha wa miaka kumi na sita. Pacha mkubwa alikuwa na maneno mengi. Pacha mdogo kazi yake ilikuwa kucheka.

Kisha pacha mkubwa akashikwa na homa. Siku ya kwanza alilala tu. Siku ya pili walimpeleka hospitali. Siku ya nne walirudi nyumbani bila yeye.

Baada ya mazishi Mama Pacha hakurudi kazini. Alikaa chumbani kwenye kiti, karibu na dirisha lililofungwa. Majirani walikuwa watu wema. Walipomwona nje walimshika mkono na kusema, “Pole, Mama Pacha.” Wengine walimuuliza yule aliyebaki anaendeleaje. Hawakujua kwamba jina lile lilikuwa linamchoma kila walipolitaja. Basi akaacha kutoka. Sokoni alikwenda binti. Dukani alikwenda binti.

Mwaka ukapita hivyo. Mwili wa Mama Pacha ukawa mzito. Akipanda ngazi tatu za mlangoni alihema kama aliyebeba gunia. Kichwa kilimuuma, na mara mbili alishikwa na kizunguzungu jikoni. Mume wake akampeleka kituo cha afya. Walimpima, wakakuta presha imepanda. Sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia aanze kutembea nusu saa kila siku.

Alimeza dawa, lakini hakutembea. Mume wake alipouliza, alimjibu taratibu kwamba barabarani hawezi, kwa kuwa kila mlango una mtu wa kumpa pole. Mume hakubishana naye. Binti ndiye aliyepata wazo. Alisema mama aruke kamba uani, mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Seremala akaenda karakana. Akakata kipande cha kamba ya katani, ile aliyofungia mbao kwenye mkokoteni. Akamletea mkewe na kumtania kwamba kamba hiyo imefunga shehena za mbao, haiwezi kushindwa na mwanamke mmoja. Mama Pacha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza kwa muda mrefu.

Alisimama peku kwenye saruji, karibu na bomba la kufulia. Kamba ilikuwa ndefu. Haikuwa na vishikio, na kila ilipozunguka ilijisokota. Aliruka mara moja, akaruka mara mbili. Mara ya tatu kamba ikamnasa mguu, akaanguka na kuuegemea mkono wake wa kulia. Kiwiko kikasalimika, lakini kifundo cha mkono kikateguka.

Mume wake alimnyanyua, akamkalisha kwenye benchi lake la kupigia randa.

“Mtoto aliposhikwa na homa, ni mimi niliyesema tusubiri hadi kesho,” alisema. “Sasa nimekuumiza na wewe.”

Jambo hilo hawakuwahi kulisema tangu msiba. Mama Pacha alimwekea begani mkono wake usioumia, wakakaa hivyo hadi binti aliporudi kutoka shule.

Kifundo kilipona baada ya wiki tano. Binti akajaribu tena. Alinunua sokoni kamba nyembamba ya waya iliyovikwa plastiki. Muuzaji alikuwa ameisifu sana, akisema ni kamba ya mabondia. Kweli ilikuwa na mwendo mkali. Ilipita kama upepo, na kila Mama Pacha alipokosea ilimcharaza miguuni. Siku ya tatu alikuwa na mistari myekundu kwenye miguu yote miwili. Akaikunja kamba na kuisukuma chini ya kitanda. Alisema yeye na kamba hawapatani, waachane kwa amani.

Aliyasema kama utani, lakini binti hakucheka. Siku hizo hakuwa akicheka kabisa.

“Mama, mwenzangu ameshaenda,” alisema. “Na wewe ukienda, mimi nitabaki na nani?”

Mama Pacha alimtazama. Binti alikuwa amekonda mashavuni. Mwaka mzima mama alikuwa amemwomboleza binti mmoja, na huyu wa pili alikuwa akipika, akifua na kuogopa peke yake.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alivaa viatu, akatia kamba zote mbili kwenye mfuko, akaenda kituo cha afya kwa miguu. Barabarani walimpa pole kama kawaida. Aliitikia na kupita.

Aliomba kumwona mtaalamu wa viungo, mwanamke kijana aliyemfundisha kunyoosha mkono ulipokuwa umeteguka. Mtaalamu alifungua daftari na kumuuliza angependa aitwe nani.

“Mama Pacha,” alisema. “Niliwazaa wawili. Niite hivyo hivyo.”

Mtaalamu aliandika. Kwanza alimpima presha, akaona dawa imeishusha vya kutosha. Alimpigia simu daktari, na daktari akakubali aruke, mradi aanze polepole. Mtaalamu alimweleza Mama Pacha kwamba hatua hiyo ya kupimwa hairukwi. Mtu mwenye presha, ugonjwa wa moyo au maumivu ya magoti asianze kuruka kamba kabla ya kupimwa na kuuliza.

Kisha akatoa kamba ya katani mfukoni na kumwambia aikanyage katikati kwa mguu mmoja, avute ncha zote mbili juu. Ncha zilipita kichwa cha Mama Pacha.

“Umeona? Kamba hii ina urefu wa watu wawili. Kwa anayeanza, vishikio vifike kwapani. Ikizidi sana inakunasa. Ikipungua inakupiga kichwani.”

Alimweleza pia kwamba katani haizunguki vizuri. Inajisokota kwa sababu haina vishikio vinavyoiacha izunguke ndani yake. Ile ya waya haikuwa mbaya, ila ni ya watu waliokwisha kuzoea. Ni nyepesi na ina kasi, na anayeanza haisikii iko wapi.

Mama Pacha akauliza anunue ipi basi.

“Ya plastiki, nene kama penseli. Ina uzito kidogo, kwa hiyo mkono unaisikia inapozunguka. Shika vishikio vyake dukani. Visiteleze, na kamba izunguke ndani yake bila kukwama. Chagua inayoweza kupunguzwa urefu. Na usiruke tena peku kwenye saruji, mama. Vaa raba, ruka kwenye mbao au kwenye udongo uliosawazishwa.”

Walifanya mazoezi pale pale chumbani, bila kamba. Alimfundisha kuruka kidogo, kiasi cha kupitisha kamba tu, na kuzungusha kwa vifundo vya mikono wala si kwa mabega. Aruke kwa sekunde ishirini, apumzike hadi pumzi irudi, kisha arudie. Wiki ya kwanza dakika tano zinatosha. Akisikia maumivu kifuani au kizunguzungu, aache mara moja na aje kituoni.

Jioni ile binti alikwenda dukani na mama yake. Waliikanyaga kamba moja baada ya nyingine mbele ya mwenye duka, hadi wakapata iliyofika kwapani. Seremala aliunganisha mbao pana, akazipiga randa mpaka zikawa laini, akaziweka uani kwenye kivuli.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Kuna asubuhi ambazo Mama Pacha aliruka mara kumi, akaketi juu ya mbao na kulia. Binti alikaa kando yake na kusubiri. Machozi yakiisha, walianza tena. Baada ya mwezi mmoja aliruka dakika kumi kwa vipande. Mwezi wa pili alirudi kwa dobi, nusu siku kwanza. Mwezi wa tatu walimpima tena. Presha ilikuwa imetulia, na sukari ilikuwa imerudi chini. Daktari alimwambia asiache dawa wala kamba.

Jumapili iliyofuata alimwambia mume wake kwamba anataka kwenda kaburini.

Makaburi yalikuwa juu ya mlima, na gari halikufika huko. Siku ya mazishi watu wawili walimshika mikono kumpandisha, na hakukumbuka chochote. Tangu siku hiyo hakuwahi kwenda, kwani kwa pumzi ile asingefika hata nusu ya njia.

Walipanda watatu. Njiani alisimama mara moja tu. Juu walikuta majani yamelifunika kaburi, wakayang'oa. Kisha baba akapiga magoti, akaliomba kaburi msamaha kwa ile siku moja. Mama Pacha alimwacha amalize. Halafu alimshika mkono, akamwambia kwamba hata yeye alidhani ni mafua, na kwamba walikuwa wamechelewa wote wawili.

Binti aliketi upande wa pili. Alianza kumweleza mwenzake habari za shule: nani amehama, nani amefeli hesabu, mwalimu gani amenyoa ndevu. Aliongea sana, yeye ambaye hakuwa na maneno. Katikati ya habari ya mwalimu akacheka. Mara ile ile akaziba mdomo kwa mkono na kumtazama mama yake.

Mama Pacha akauondoa mkono ule taratibu.

“Mwambie yote,” alisema. “Hatuna haraka.”