Wakili Wetu

Makokha alikuwa fundi wa mawe. Alikuwa amewajengea watu nyumba kuanzia Naivasha hadi Nakuru, lakini yeye mwenyewe aliishi katika chumba kimoja cha kupanga huko Karagita, pamoja na mkewe Nakhumicha na binti yao Kimberly. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa na ufa mrefu. Kila asubuhi Makokha alinywa chai akiutazama.

"Huyu aliyejenga hapa alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" aliuliza.

"Kunywa chai, Baba Kim," Nakhumicha alimjibu, kama alivyomjibu jana na juzi.

Nakhumicha alifanya kazi ya kupanga maua katika shamba moja karibu na ziwa la Naivasha. Kwa miaka mingi wawili hao waliweka akiba yao kwenye sacco ya wafanyakazi. Hawakununua televisheni. Hawakwenda nyumbani Bungoma kila Krismasi. Walitaka kitu kimoja tu, ploti yao wenyewe, na nyumba ambayo Makokha angeijenga kwa mikono yake bila ufa hata mmoja.

Siku moja dalali aitwaye Jonah akampigia Makokha simu. "Boss, nimekupatia ploti hapa Gilgil. Si mbali na barabara. Kuja uone kabla iende."

Makokha na mkewe wakaenda. Waliwakuta Jonah na mwenye kuuza, mwanamume mpole kwa jina Kipngeno. Kipngeno aliwazungusha mipakani, kutoka ua wa misipresi hadi kwenye seng'enge. Makokha aliazima jembe kwa jirani, akachimba shimo, akachukua udongo akaupondaponda kiganjani. Kisha akachimba tena upande wa pili. Jasho lilimtoka, lakini uso wake ulijaa furaha.

"Ni maramu," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Hapa msingi utakaa. Hii ndiyo ploti, Mama Kim."

Jonah alitoa hatimiliki kwenye mfuko wa plastiki, akaionyesha kidogo. Makokha aliona jina Kimeli. Kitambulisho cha Kipngeno nacho kilisema Kipngeno Kimeli. Akatosheka. Shimo alilichimba mara mbili, lakini hatimiliki aliiangalia mara moja, tena juujuu.

"Sasa, Jumamosi tunakutana mjini kwa wakili wetu," Jonah alisema. "Mnaweka sahihi, mnalipa nusu, Jumatatu unaleta mawe."

"Na sisi tutafute wakili?" Nakhumicha aliuliza.

Jonah alicheka. "Ya nini, mathe? Mlipe mawakili wawili juu ya ploti moja? Si wakili wetu yuko!"

Makokha aliitikia kwa kichwa. Maneno hayo yalimwingia vizuri. Hata alishukuru moyoni kwamba Jonah alikuwa mtu wa kuwafikiria wenzake.

Wiki hiyohiyo sacco ya akina Nakhumicha ilikuwa na siku ya mafunzo kwa wanachama. Walikuwa wamemwalika wakili kutoka Nakuru, mwanamke aitwaye Jebet. Ofisi yake ilishughulikia mambo ya ardhi na ujenzi. Wanachama walipopewa nafasi ya kuuliza, Nakhumicha aliinua mkono.

"Sisi tunanunua ploti Gilgil," alisema. "Tunataka kujua kama ni lazima kila mtu awe na wakili, ama wakili wetu mmoja anatosha."

"Huyo wakili wenu mlimtafuta wapi?" Jebet aliuliza.

"Hatukumtafuta. Broker ndiye alisema wakili wetu atashughulikia."

"Alisema 'wetu'?"

"Ndiyo."

"Wetu, yeye na nani?"

Nakhumicha alikuwa karibu kujibu 'sisi'. Kisha akalifikiria lile neno 'wetu'. Ni kweli, mtu anaweza kukuambia "gari letu" akimaanisha lake na lako. Anaweza pia kumaanisha lake na ndugu zake, nawe humo hutapanda. Watu ukumbini walianza kucheka, na yeye akacheka nao.

"Usione haya," Jebet alimwambia. "Hili neno 'wetu' limewapotezea watu wengi mashamba. Wakili anamtumikia mtu aliyemwajiri. Kama ni wa muuzaji, kazi yake ni kumlinda muuzaji. Hafanyi vibaya, hiyo ndiyo kazi yake. Wewe mnunuzi nani anakulinda?"

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Lakini madam, tutajuaje wakili mzuri? Wengine wanakula pesa tu."

"Kwanza, angalieni kama ana leseni ya mwaka huu. Chama cha Mawakili kina orodha kwenye mtandao. Unaandika jina lake kwa simu yako, unaona. Pili, muulize kazi anayoifanya sana. Kuna wakili hodari wa kesi za wizi ambaye hajawahi kushika kesi ya shamba. Kama ni ploti ama nyumba, tafuta ofisi iliyozoea ardhi na ujenzi. Uliza watu waliowahi kuhudumiwa nayo. Usidanganywe na jengo refu na viti vya ngozi. Tatu, uliza ada yake mapema, akuandikie. Akikataa kukuandikia, ondoka."

Jioni hiyo Nakhumicha alimweleza mumewe yote. Makokha alikasirika.

"Mimi nimeshinda kwa ploti za watu tangu nikiwa kijana. Leo nifundishwe ploti?"

"Wewe unajua udongo, Baba Kim."

"Na nini kingine kiko kwa ploti isipokuwa udongo?"

Nakhumicha alimwangalia. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akachukua tepu ya kupimia iliyoning'inia kwenye msumari pamoja na mwiko na pima maji.

"Nikuulize. Siku ya kupima kazi ndipo mlipwe, kontrakta anakuja na tepu yake?"

"Anakuja nayo."

"Na wewe unabeba hii kwa nini?"

Makokha aliipokea ile tepu. Alikumbuka wakati wa ujana wake, alipokuwa akipimiwa ukuta kwa tepu ya mtu mwingine, na kila mara ukuta ulikuwa mfupi kuliko alivyoujenga. Tangu alipoanza kubeba yake, kuta zilirefuka.

"Sawa," alisema hatimaye. "Twende Nakuru. Lakini ploti ikienda, nitakulaumu mpaka tuzeeke."

Ofisi ya Jebet ilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la mbolea. Jebet aliwaambia ada yake, akaiandika. Kisha akasoma rasimu ya mkataba ambayo Jonah alikuwa amewapa. Ilikuwa ya Kiingereza, na ndefu. Aliweka kidole mahali pamoja.

"Hapa pameandikwa kwamba mnunuzi amejiridhisha. Ulijiridhisha vipi, Mzee Makokha?"

"Nilichimba shimo," Makokha alijibu kwa heshima zote.

Jebet alitabasamu, lakini hakumcheka. "Hilo ni jambo zuri. Wengi hawachimbi. Sasa sikia hapa. Panasema Kipngeno anakuuzia haki yoyote aliyo nayo katika shamba hili. Hapasemi ni yake. Panasema yoyote aliyo nayo. Akiwa hana, umenunua hewa, na mkataba hautakusaidia."

Makokha aliivuta rasimu karibu, akapatazama mahali hapo.

Jebet aliagiza upekuzi wa rekodi za ardhi, ule ambao watu huuita search. Majibu yalipokuja, aliwaita tena. Shamba lilikuwa limesajiliwa kwa jina la Kimeli. Lakini huyo hakuwa Kipngeno. Alikuwa baba yake Kipngeno, na alikuwa amefariki zamani.

"Shamba la marehemu haliuzwi na mtoto mmoja hivi tu," Jebet alieleza. "Lazima mahakama ithibitishe warithi kwanza. Jina litoke kwa marehemu liende kwa warithi, ndipo wao wauze. Mngelipa Jumamosi, na warithi wengine wajitokeze baadaye, wangeweza kuwatoa. Hata kama ungekuwa umeezeka."

Makokha aliinama akashika kichwa. Aliona akiba yao yote ikiwa imelala chini ya nyumba ya mtu mwingine. Halafu uchungu mwingine ukamshika, kwa sababu bado aliipenda ile ploti.

Alipompigia Jonah simu kwamba hawatatia sahihi, kwa ushauri wa wakili Jebet wa Nakuru, Jonah alipandisha sauti. "Boss, unacheza! Kuna mtu wa Nairobi anaitaka leo. Leo!"

"Mwambie na yeye aangalie jina vizuri," Makokha alisema. Kisha akakata simu. Hakumlaumu Nakhumicha. Alikaa tu, akautazama ule ufa.

Yule mtu wa Nairobi hakuonekana. Aliyekuja ni Kipngeno mwenyewe, hadi ofisini kwa Jebet, kofia mkononi.

"Mimi si mwizi," alisema. "Baba alipokufa, niliona shamba ni langu. Niko na dada mmoja tu, Cheruto. Ameolewa Subukia. Sikujua anahusika."

"Anahusika sawa na wewe," Jebet alimwambia. "Sheria yetu haiangalii kama msichana ameolewa. Mtoto ni mtoto."

"Sasa akikataa?"

"Muulize kwanza."

Wakakutana wote ofisini siku nyingine. Cheruto alifika akiwa na udongo wa shamba kwenye viatu. Kaka yake alieleza huku akitazama meza. Makokha alisubiri roho mkononi, maana nyumba yake yote ilikuwa kinywani mwa mama huyo.

Cheruto alimgeukia. "Wewe ndiye ulitaka kununua?"

"Ndiyo, mama. Na bado nataka."

"Mimi sikatai kuuza," Cheruto alisema. "Hiyo ploti iko mbali na mimi, na niko na watoto shuleni. Kile nilikuwa nakataa ni kutoulizwa." Kisha akamtazama kaka yake. "Kipngeno, ungenipigia simu tu."

Kipngeno alisema pole. Aliisema mara moja tu, lakini aliisema mbele ya watu wote.

Mambo hayakwenda haraka. Kipngeno na Cheruto walikwenda mahakamani kufuata mirathi. Kulikuwa na kungoja kwingi, na Makokha aliendelea kunywa chai mbele ya ufa wake. Mara mbili alitaka kukata tamaa atafute ploti nyingine. Hatimaye hatimiliki ikatoka kwa majina ya ndugu hao wawili. Hapo ndipo mkataba mpya ulipoandikwa. Wakili wa wauzaji alikaa upande mmoja wa meza, na Jebet upande wa pili. Mke wa Kipngeno na mume wa Cheruto nao walitia sahihi kwamba wamekubali. Bodi ya ardhi ikatoa kibali. Pesa za mnunuzi zilikaa katika akaunti ya mawakili, hazikuguswa na wauzaji hadi shamba lilipoandikwa jina jipya.

"Jina lipi niandike?" Jebet aliuliza alipokuwa akijaza fomu ya uhamisho.

"Langu," Makokha alisema haraka. Kisha akamwona mkewe anautazama ukuta kama vile yeye mwenyewe hutazama ufa. "Hapana. Andika majina yetu." Akaongeza mwenyewe, "Mimi na Nakhumicha."

Kabla hajaleta jiwe la kwanza, alipeleka ramani kaunti ikapitishwa. Jebet alikuwa amemwonya kwamba nyumba isiyopitishwa inaweza kusimamishwa hata ikiwa kwenye ardhi halali. Ndipo Makokha akachimba msingi, tena mrefu kuliko ilivyohitajika. Nakhumicha alimchekea kwamba anajenga ngome ya jeshi.

Alasiri moja Makokha alikuwa juu ya jukwaa akipanga mawe ya juu ya dirisha. Kwenye ploti ya jirani alimwona Jonah, mfuko wa plastiki mkononi, akiwa na kijana na mkewe mjamzito. Kijana alikuwa amechuchumaa akipapasa udongo.

"Hakuna haja ya gharama mingi," Jonah alikuwa akisema. "Jumamosi tunaenda tu kwa wakili wetu, mnaweka sahihi."

Makokha aliweka mwiko chini.

"Jonah!" aliita kutoka juu. "Wetu, wewe na nani?"

Jonah alijifanya hasikii. Lakini yule kijana alisimama, akapangusa udongo mikononi, akamgeukia mkewe. Kisha wote wawili wakaja hadi kwenye ukuta, wakainua nyuso kumtazama fundi.

"Mzee," kijana alisema, "hebu shuka kidogo."

Makokha alishuka.