Hawakutazama Juu

"Kozi, wamepita kizuizi. Wageni watatu na mwenyeji wao. Land Cruiser ya kijani."

"Nawaona."

"Usiwaguse mpaka tujue wamebeba nini. Vijana wangu wako msituni, nyuma yako."

"Sawa, Mkuu."

Sauti ikakatika sikioni.

Kozi alijibanza nyuma ya mti. Barabara hiyo ya mlimani ilitelekezwa tangu ile mpya ilipojengwa upande wa pili. Mizizi ilikuwa imeipasua lami. Siku hizi walioipita ni wapenda ndege tu, watu wa kofia pana na darubini shingoni.

Chini, kwenye mwanya wa miti, bwawa la umeme liling'aa. Mvua zilikuwa zimelijaza pomoni.

Chini ya bwawa, mji mzima.

Jina la Kozi alipewa kazini, kwenye ujasusi. Majirani walidhani anafanya kazi kampuni ya bima. Hata mumewe alikufa akiamini hivyo. Mume huyo alikuwa akiwatembeza watalii kutazama ndege, na gari lake lilitumbukia korongoni kwenye barabara hii hii. Breki zilikatika, walisema. Miaka miwili ilikuwa imepita, na Kozi bado alilala upande wake ule ule wa kitanda.

Alitia macho kwenye darubini yake ya Swarovski. Land Cruiser ikasimama. Wageni wakashuka na mikoba mirefu.

Kisha akashuka mwenyeji wao.

Akairekebisha darubini, akatazama tena.

"Mkuu. Mwenyeji wao ni shemeji yangu."



"Mdogo wa marehemu?"

"Ndiye."

"Nikutoe hapo?"

"Usinitoe."

Simu ikatetema mfukoni. Mama mkwe. Hakuwahi kumkatia simu yule mama, na hakutaka kuanza leo.

"Shikamoo, mama," alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Hivi shemeji yako ana nini? Tangu jana ananisukuma niende kwa mama yenu mdogo, eti leo nisionekane mjini. Nimwache nani na kuku wangu?"

Kozi aliyatazama yale maji yaliyojaa.

Basi shemeji alijua. Alijua kitakachotokea, akamtoa mama yake tu.

"Nenda tu, mama. Kuku nitawaona mimi."

Alikata. Akakagua bastola yake ya Glock kiunoni, akaifunika kwa koti. Mfuko mwingine ulikuwa na kifaa cha kuvuruga mawimbi ya redio, kidogo kama kiberiti. Kilitaka awe karibu. Basi akaining'iniza darubini kifuani na kutokea barabarani kama mtu aliyetoka matembezi.

"Shemeji!" Yule kijana alishtuka, kisha akatabasamu upande mmoja. "Umefuata nini huku?"

"Nimemkumbuka kaka yako tu. Nikasema nipite alikopenda."

"Pole. Mimi nimeleta wageni wa ndege."

Hapo hapo juu yao kukatokea mlio mzito, na kulukulu akavuka barabara. Ndege wa kijani, mabawa mekundu kama damu. Watu huvuka bahari kuja kumwona. Alipita karibu mno hata upepo wake ukatikisa majani.

Wale wageni hawakutazama juu.

Hata mmoja. Darubini zao zilikuwa zimeelekea bwawani.

"Wageni wako hawapendi ndege?" Kozi aliuliza.

Shemeji akapauka.

"Na kaka naye aliuliza hivyo hivyo," yakamtoka.

"Lini?"

Kijana alirudi nyuma hatua moja.

"Lini, shemeji? Ulituapia pale msibani kwamba siku ile hamkuonana."

Macho yakaenda kwenye lami, yakabaki huko. Kozi hakuhitaji neno jingine. Mikono ya kijana huyu ndiyo iliyobeba jeneza. Mikono hii ilimshika bega kaburini, ikamwambia, jikaze.

Alitaka kukaa chini palepale alie.

Hakukaa.

Mgeni mmoja alifungua mkoba. Hamkuwa na miguu ya kamera humo. Mlikuwa na droni nyeusi, na tumboni mwake kifurushi kilichofungwa kwa waya.

"Mkuu, mzigo ni bomu. Linakwenda kwenye milango ya bwawa," alinong'ona.

"Zuia!"

Droni ikapaa.

Kozi akabonyeza kifaa. Droni iliyumba, ikageuka, ikaanguka korongoni kama jiwe.

Mlipuko.

Ardhi ikatikisika. Ndege wa mlima mzima wakaruka kwa kelele.

Mgeni wa kwanza alichomoa bastola. Kozi alimwahi. Risasi moja ya bega, na bastola ikadondoka. Wawili waliobaki walikimbilia gari, wakakuta vijana wa Mkuu wameshalizunguka.

"Chini! Mikono kichwani!"

Wakalala chini.

Shemeji alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara. Kozi alimwelekezea Glock usoni.

"Wewe ni nani hasa?" aliuliza kijana, akitweta.

"Mke wa kaka yako."

"Hawakuniambia atakufa! Walisema breki zitamtisha tu, aache kuwafuatilia. Halafu wakanishika kwa siri hiyo hiyo, shemeji, sikuwa na pa kutokea. Leo nilimtoa mama. Naapa nilimtoa mama!"

"Na mama za watu wengine?"

Alilia kwa sauti. Kilio kile kilifanana na cha kaka yake alipofiwa na baba yao, na hicho ndicho kilichomwumiza Kozi kuliko yote. Kidole kilikaa kwenye kifyatulio. Kikakaa.

Akakitoa.

"Mfungeni pingu," aliwaambia vijana. "Na mumpe maji."

Mkuu alipanda mwenyewe kwa gari la pili. Alimtazama kijana mwenye pingu, kisha Kozi.

"Umeokoa mji," alisema. "Nenda kapumzike. Nitatuma ofisa akaiarifu familia."

Kozi alirudisha Glock kiunoni, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Familia ndiyo mimi, Mkuu."

Alikataa gari. Akaishika ile barabara kwa miguu, mgongo umenyooka, akiteremka polepole kwenda kumwambia mama kwamba mtoto wake wa pili naye hatarudi nyumbani.